Ulinzi wa ghala Dar: ununue nini kwanza, nini kisubiri

Asubuhi moja nililikuta kufuli la godauni letu la Vingunguti zima, limefungwa vilevile nilivyoliacha, na mifuko ya mchele haipo. Waliokuja usiku hawakuligusa kabisa. Walikata komeo, bati jepesi lililoshikwa kwa skrubu nne, mlango ukafunguka na kufuli likabaki linaning'inia. Tulikuwa tumenunua kufuli la bei kubwa tukalifunga kwenye chuma kisicho na thamani.

Orodha hii ni ya mtu anayekodi ghala lake la kwanza, iwe Kurasini, Chang'ombe, Tabata au stoo ya nyuma ya duka Kariakoo. Nimeipanga kama ambavyo ningetoa hela yangu mwenyewe. Cha kwanza kinunue hata kama hela ya kingine huna.

1. Komeo na kufuli, kwa pamoja

Anza na komeo. Liwe la chuma kinene, lichomelewe mlangoni na kwenye fremu, kusiwe na skrubu wala nati inayofikiwa kwa nje. Fundi akiwa bado na mashine yake hapo, mwambie atazame na bawaba. Zikiwa nje, aweke pini za chuma upande wa ndani zinazoingia kwenye fremu mlango ukifungwa, ili hata bawaba zikikatwa mlango usitoke.

Kufuli usilipime kwa uzito mkononi. Upinde wake, ile nondo iliyopinda inayopita kwenye komeo, ndio unaokatwa, kwa hiyo uangalie huo. Upinde wa milimita 8 mkasi wa nondo unauweza, tena haraka. Mimi sishuki chini ya milimita 12, chuma cha boroni kilichotiwa ugumu, na napenda kufuli lenye mabega yaliyopanda juu kuufunika upinde, mkasi ukose pa kuuma. Muulize muuzaji kama kufuli limepimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 12320, chenye madaraja 1 hadi 6. Kwa ghala, anzia daraja la 4. Kufuli ambalo sanduku lake lina neno la sifa tu, bila daraja wala unene wa upinde, liache dukani.

Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na Kurasini kufuli la chuma kitupu linashika kutu mapema. Watu hukimbilia upinde wa chuma kisichoshika kutu, lakini chuma hicho ni laini kuliko cha boroni. Ni afadhali ununue cha boroni kilichopakwa kromu, ukivishe kifuniko cha mpira, na kila baada ya miezi michache ukitie unga wa grafaiti. Grisi inakusanya vumbi la barabarani na kukwamisha ufunguo.

Halafu inua macho. Mabati ya plastiki ya paani yanayoingiza mwanga ni mlango mwingine. Wavu wa nondo chini yake unatosha.

2. Mlinzi, na mtu wa kumkagua

Hata kufuli la daraja la 6 halimshindi mwenye grainda ya betri na muda wa kutosha. Kinachonunuliwa kwa kufuli ni dakika na kelele, na dakika hizo hazina maana pasipo wa kuzisikia. Ndiyo maana mlinzi nimemweka juu ya kamera.

Unapoongea na kampuni ya ulinzi, bei iwe swali la mwisho. Uliza kwanza: mlinzi analinda saa ngapi mfululizo? Msimamizi anapita mara ngapi usiku? King'ora kikilia, gari linatoka wapi? Usiridhike na jibu la mdomo. Omba wajaribu saa nane usiku, na siku nyingine jioni, foleni ya Barabara ya Nyerere ikiwa imekaza, ulinganishe. Mkataba uandike nani analipa mzigo ukipotea zamu ikiwa yao. Na umjengee mlinzi kibanda chenye taa na pa kukwepa mvua. Wakati wa masika mlinzi aliyelowa atatafuta kibaraza cha jirani, na simlaumu.

3. Vitabu vya hati na lakiri

Hapa wengi wananishangaa, maana ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Lakini mzigo mwingi niliouona ukipotea haukutoka usiku. Ulitoka saa tano asubuhi, getini, kwenye lori halali: hati inasema mifuko 300, makuli wamepakia 304, na kila mtu anaonekana yuko kazini.

Chapisha vitabu vya hati za kutolea mzigo vyenye namba mfululizo na nakala tatu: ya dereva, ya getini, ya ofisini. Anayehesabu wakati wa kupakia asiwe anayehesabu getini. Namba moja ya hati ikikosekana, upakiaji usimame hadi ipatikane. Kwa makontena, nunua lakiri za bolti zinazofuata kiwango cha ISO 17712, zenye herufi H, yaani za ulinzi wa juu, na namba ya kila moja iandikwe kwenye hati kabla lori halijawasha injini. Lakiri haizuii mwizi, ila inakuonyesha kontena lilifunguliwa kabla ya kufika.

4. King'ora na taa

Taa ya sola yenye kihisi cha mwendo haiijali TANESCO, na hilo linatosha kuichagua. King'ora kiwe na betri yake na kadi ya simu ya kukupigia wewe na msimamizi. Kisichopiga simu kinaamsha mbwa tu.

5. Kamera

Sizidharau, ila zinakuja baada ya hayo yote, kwa sababu zinarekodi mzigo ukiondoka. Kosa kubwa ni kumbukumbu. Kamera 4 za megapikseli 2, kila moja ikitumia megabiti 2 kwa sekunde, zinajaza kama gigabaiti 86 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 inaisha kwa siku 11 au 12. Kama stoki unahesabu mwisho wa mwezi, picha za siku ya wizi zimeshafutika. Nunua terabaiti 4, upate siku kama 46.

Kinasa chenyewe kifungie kwenye kizimba cha chuma, maana wezi wanaojua kazi wanakibeba. Bandika tangazo kwamba eneo linarekodiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayogusa pia picha za watu, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

6. Uzio wa umeme

Ni kwa mwenye uwanja mkubwa na ukuta wake mwenyewe. Kwenye godauni la kukodi lenye ukuta wa pamoja, uache.

Ukikata bima ya wizi, soma kipengele cha kuvunja. Bima nyingi za namna hii zinataka alama za kuingia kwa nguvu, na mzigo uliotoka kwa hati ya uongo haumo. Siku ikitokea umevunjiwa, kufuli au komeo lililokatwa usilitupe wala fundi asilichomelee upya. Lipige picha mahali lilipo, ita polisi, na uliache hapo mpaka mkadiriaji wa bima aje alione kwa macho yake.