Notisi za ekolojia zinazouzwa Chake: ununue au uache?

Kuna notisi za ekolojia zinauzwa stesheneri moja hapa Chake, jina silitaji, sasa hivi kila mtoto wa fomu foo na fomu siksi anazo kwapani na watu wananiuliza kama zina maana. Mie nimezisoma zote maana mdogo wangu ana mtihani na ndo mie ninaemsomesha usiku, basi ntasema nilichokiona.

Mwanzo mzuri khasa. Mwandishi kaanza na kiumbe kimoja, halafu idadi ya aina moja, halafu jumuiya, halafu ekosistimu, hajakimbilia makubwa kabla mtoto hajajua madogo. Sehemu ya nishati ndo niliyoipenda zaidi, nyasi zikiwa na kilojuli 20,000 panzi anapata kama 2,000, chura 200, nyoka 20, na kaeleza kuwa ile asilimia 10 ni wastani tu, nyengine inapotea kwa joto na kinyesi na sehemu zisizolika. Waalimu wengi wanairuka hiyo.

Kasheshe ni mifano. Simba, punda milia, nyasi za Serengeti, mwanzo mpaka mwisho! Jamani sisi Wapemba simba tumemuona kwenye TV. Msitu wa Ngezi si huo hapo Konde? Chukua popo wa Pemba, ambae hapatikani pahala pengine popote duniani, anakula maembe na tini za msituni usiku kisha mbegu anakwenda kuzidondosha mbali na mti wake, hapo kwa mnyama mmoja ushapata makazi, nichi (yaani kazi yake na namna anavyoishi hapo) na kutegemeana kwenye faida pande zote mbili. Komba nae anatoka usiku huohuo, matunda anakula, lakini na wadudu pia, kwa hivyo msitu mmoja lakini nichi mbali mbali, mtoto hawezi tena kuchanganya makazi na nichi. Na mikoko je? Mlilana mbele unakoelekea baharini, mkoko wenyewe katikati, mkandaa nyuma karibu na nchi kavu, kila mmoja pale unapoweza kustahamili maji na chumvi, maji yakitoka unakwenda kuona kwa macho yako bila nauli ya Arusha. Hata viumbe wageni kaandika mistari miwili tu, wakati kunguru wa India waliletwa Unguja tokea miaka ya 1890 na mpaka leo wanakula mayai na makinda ya ndege wengine.

Halafu kuna kosa la wazi. Anasema piramidi ya idadi, ule mchoro wa visanduku unaoonesha viumbe wangapi wako kila ngazi ya kulana, siku zote huwa pana chini na nyembamba juu. Si kweli ati. Mvule mmoja unalisha wadudu maelfu, ichore hiyo uone, chini kijisanduku chembamba juu pamepanuka. Isiyogeuka ni piramidi ya nishati, ile inayochora nishati ya kila ngazi badala ya idadi. Hilo suali la mtihani kabisa na mtoto atapoteza maksi za bure.

Ile hesabu ya kukadiria idadi kwa kutia alama iko sawa, umekamata 40 ukawatia alama ukawaachia, mara ya pili umekamata 50 na 10 wana alama, 40 mara 50 gawa kwa 10, wako 200. Lakini masharti hajayaweka hata moja, kwamba pale katikati wasizaliwe wala kufa wengi, wasihame, alama isifutike, na wenye alama wapate muda wa kuchanganyika na wenzao. Fomu siksi wanaulizwa masharti hayo kuliko hesabu yenyewe.

Fotokopi nayo loh. Kwenye mzunguko wa naitrojeni mishale haijulikani inatoka wapi inakwenda wapi, bakteria wa kwenye mizizi ya kunde wamekuwa doa jeusi.

Nyota tatu kwa tano. Wa fomu foo nunueni, ile sehemu ya nishati peke yake inarudisha pesa, ila piramidi ya idadi irekebisheni kwa peni. Wa fomu siksi azimeni tu. Na ukienda, fungua ukurasa wa naitrojeni palepale kaunta kabla hujatoa pesa, nakala zinazosomeka wanazo chini, wanazitoa ukidai.