Mikoko ya Bagamoyo kwa miguu na kwa mtumbwi: uzoefu wangu

Mgeni wa Bagamoyo kwa kawaida hupelekwa Kaole kwenye magofu, huonyeshwa Ngome Kongwe, kisha hurudishwa ufukweni kula samaki. Ni matembezi mazuri. Mimi naomba muongeze nusu siku, mwingie kwenye mikoko. Nimeingia na kikundi cha vijana waongozaji wa kijiji kimoja kusini mwa mji, na hapa naeleza walichonipa, kilichopungua, na lile jambo moja ambalo kwangu ndilo linaloamua kama pesa yako imetumika vizuri: saa ya maji.

Niliwahi kwenda na watu wengine kabla yao, ambao sitawataja. Walitupakia kwenye boti ya mashine maji yakiwa yamejaa pomoni, muziki juu, tukalizunguka hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kwa kasi, majani kushoto, majani kulia, picha mbili tatu, tukarudi. Ndege waliruka kabla hatujawafikia. Kaa hawakuonekana kwa sababu mashimo yao yote yalikuwa chini ya maji. Kila mti tuliouuliza uliitwa mkoko tu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nilitoka Morogoro na watoto wa dada yangu nikiwa nimewaahidi msitu unaoishi baharini, na nilirudi nimeumia moyoni.

Hawa vijana walinipa imani tangu kwenye simu. Hawakuniuliza nataka kwenda saa ngapi. Kijana aliyepokea aliuliza siku ninazoweza kuja, akasema, "Subiri kidogo dada, niuangalie mwezi." Akanipa Jumamosi, akafafanua kwamba itakuwa bamvua, na saa nne asubuhi maji yatakuwa yamepwa kabisa.

Kwa wenzangu wa bara: bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake kuna maji mafu, ambapo bahari hainyanyuki wala haishuki kwa kiasi kikubwa. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, na kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hupita mita tatu. Hebu fikiria: mahali uliposimama na viatu asubuhi, jioni mtumbwi unapita juu yake. Mwongozaji anayeijua ratiba hiyo anaweza kukuingiza kwa miguu maji yakiwa nje, na kukutoa kwa mtumbwi maji yakirudi. Unaona msitu mara mbili kwa malipo ya mara moja.

Tulianzia upande wa nchi kavu kwenda baharini. Huko juu, chumvi ilikokolea na maji hufika mara chache, kuna mchu, mifupi, imedumaa. Mwongozaji alichuma jani, akaligeuza, akawaambia watoto walilambe. Chumvi tupu. Mchu hunywa maji ya bahari kisha huitoa chumvi kupitia majani, nawe unaiona kwa macho ikiwa imeganda. Chini yake tope limejaa vimizizi vilivyosimama wima, vingi mno hata huna pa kuweka mguu. Hivyo ndivyo mti unavyopumua, maana tope lenyewe halina hewa ya oksijeni. Ile harufu ya mayai viza inayowafanya watu waseme mikoko inanuka ni kazi ya bakteria wanaoozesha majani humo ndani bila oksijeni. Darasani nimeichora mizizi hii ubaoni kwa miaka. Kuikanyaga pembeni kwa uangalifu nikiwa na watoto kumenigusa kuliko nilivyotarajia.

Ukishuka zaidi unaingia kwenye mikandaa, iliyosongamana, ambayo magome yake yalitumika kwa rangi na kwa kulainisha ngozi. Kisha msinzi, wenye ua lenye kikombe chekundu na mizizi inayochomoza juu ya tope na kupinda kurudi chini. Kisha ndipo mkoko wenyewe, ambao wengine huuita mkaka, wenye mizizi inayoachana na shina juu hewani na kujikita mbali pande zote. Hapa tulikaa sana, na ninawashukuru hawakutuharakisha.

Kisa ni mbegu. Mkoko hauangushi mbegu kavu. Mbegu huota ingali mtini, ikateremsha mche mrefu wa kijani unaoweza kupita sentimita 40, na mche ukikomaa ndio unaodondoka. Maji yakiwa nje, huweza kuchoma tope na kusimama papo hapo. Maji yakiwa ndani, huelea, ukaenda na mkondo, na unaweza kukaa baharini wiki nyingi kabla ya kutia mizizi pwani nyingine. Mpwa wangu wa kike aliuliza kama mti unazaa au unaotesha. Mwongozaji akamjibu vyote viwili, na mimi sina cha kusahihisha.

Mwisho kabisa, uso kwa uso na bahari, imesimama milana, ambayo huko Unguja na kwingineko utasikia ikiitwa mlilana. Tulikuta maua yake yamepukutika juu ya tope, nyuzi nyeupe nyingi kama brashi ya kunyolea. Hufunguka magharibi jua likizama, popo na nondo wakayatembelea usiku, na asubuhi nyuzi zimeshaanguka. Mizizi yake ya kupumulia ni minene na myepesi, na wavuvi wamekuwa wakiikata kutengeneza maboya ya nyavu.

Wanyama sasa. Ukisimama kimya dakika chache juu ya tope lililopwa, ardhi inaanza kusogea. Kaa wadogo hutoka mashimoni, madume yakiwa na gando moja kubwa karibu sawa na mwili, wanalipunga juu chini kuita majike na kutishia majirani. Wapo kaa wengine wekundu wanaoshika majani yaliyoanguka na kuyaburuta hadi shimoni. Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini bila hiyo kila bamvua ingeyasomba majani kwenda bahari kuu. Mashimo yao pia huingiza hewa kwenye tope. Tondo, yule konokono mrefu mweusi, alikuwa ametapakaa akila majani hayo hayo. Na kuna konokono wadogo zaidi ambao hupanda mashina kabla maji hayajafika. Mwongozaji alituonyesha walipokuwa, chini kabisa, akatuambia tuwaangalie tena tukitoka. Tulipopita na mtumbwi walikuwa juu, maji yakiwa bado hayajawagusa.

Waliowapendeza watoto kuliko wote ni samaki wa matopeni, wenye macho yaliyokaa juu ya kichwa, wanaotembea kwa mapezi na kuruka kutoka dimbwi hadi dimbwi. Hupumua nje ya maji kupitia ngozi yao ikiwa mbichi na maji waliyoyabakiza kwenye matamvua. Katika vitabu vya shule tunawafundisha watoto samaki ni kiumbe wa majini. Pale wanamwona samaki amepanda mzizi.

Kaa koko tulimwona mmoja tu, ndani ya shimo, magando yametangulia. Ndiye huyu anayeuzwa hotelini kwa bei kubwa, anayeweza kupita kilo moja. Majike wenye mayai huondoka kwenye mikoko kwenda kutaga bahari ya nje, na watoto wao hurudi huku kukua. Kamba nao ni hivyo: wakubwa wanavuliwa baharini mbele ya Bagamoyo na Saadani, lakini utotoni wamejificha kwenye mizizi hii. Anayekula kamba Dar es Salaam ana deni kwa mkoko hata kama hajawahi kuuona.

Maji yalipoanza kurudi, yalikuja bila kelele, kwanza kwenye vijia vya hori. Mzee mwenye mtumbwi alikuwa anatungoja. Hakuwasha mashine, kwa sababu hana. Alitumia upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, penye kina kifupi na kafi penye kina, na hiyo ndiyo sababu safari hii tuliona ndege. Mdiria wa mdomo mwekundu mzima na mabawa ya buluu alikaa juu ya tawi hadi tukapita chini yake. Yangeyange, korongo, na ukingoni mwa tope lililobaki, sululu na vitwitwi wengi waliokuwa wakikimbizana na maji. Hao hutoka nchi za baridi za kaskazini, wakakaa kwetu wakati kwao ni majira ya baridi. Kwa hiyo anayependa ndege aende kati ya Oktoba na Machi. Kenge mmoja aliingia majini karibu nasi, mpwa wangu wa kiume akapiga kelele ya mamba. Mzee akamtuliza: "Huyu kenge, mjukuu wangu. Mamba wako Ruvu." Ni kweli, kaskazini mwa mji kwenye mlango wa mto Ruvu kuna mikoko pia, na huko kuna mamba na viboko, kwa hiyo ukipelekwa usikubali kushuka kutembea ovyo.

Nilipenda pia kwamba hawakuizungumzia mikoko kama pori tu. Mzee alitueleza boriti. Nyumba za kale za mawe za Bagamoyo, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja, zina vyumba vyembamba na virefu kwa sababu dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na upana wa chumba uliishia pale urefu wa boriti ulipoishia. Boriti hizo zilipakiwa majahazini hadi Uarabuni, kwenye nchi zisizo na miti. Ukishajua hivyo, rudi mjini uinue macho ndani ya jengo lolote la zamani. Pale Kaole nako mambo yanaungana: mji ule wenye magofu ya misikiti na makaburi ya kuanzia karne ya 13 ulikuwa na bandari yake, na leo mbele yake kuna tope na mikoko.

Siku hizi mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kukata bila kibali ni kosa. Hata hivyo tulipita penye visiki. Watu wanakata nguzo, wanakata kuni za kuchomea chokaa, na sehemu nyingine msitu umesafishwa kwa mashamba ya chumvi. Mwongozaji hakuficha wala hakulaumu wanakijiji wenzake mbele yetu. Alituonyesha kitalu cha miche waliyoipanda na akasema wazi kwamba mingi ya mwanzo ilikufa kwa sababu waliipanda mbele mno, mahali ambapo maji hukaa muda mrefu kupita uwezo wa mche. Sasa wanafuata kila mti mahali pake. Nimeheshimu sana ukweli huo.

Yaliyopungua. Majaketi okozi yalikuwepo ya watu wazima tu, na watoto ilibidi wafungiwe hayo hayo kwa kamba. Hili warekebishe haraka, siwezi kulipunguza uzito. Ndege wanawajua kwa majina machache, na darubini hakuna, leteni yenu. Choo ni cha nyumba ya jirani kabla ya kuanza, baada ya hapo hakuna tena mpaka mtakaporudi. Usubi walituuma sana tulipokuwa chini ya mikandaa, hivyo vaeni mikono mirefu. Viatu viwe raba za kufunga kamba, maana tope linavua kandambili na vipande vya chaza kwenye mizizi vinakata mguu.

Bei kwa mtu mmoja haikuzidi kulala usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni ya kawaida mjini, watoto nusu, na maji ya kunywa na madafu yamo. Niliandikiwa risiti kwa mkono. Ulizeni kabisa kama kibali cha kuingia hifadhini kimo ndani ya bei, na kama mtumbwi ni wa kafi au wa mashine.

Ulizeni na hili kabla hamjatuma senti yoyote: siku hiyo maji yanapwa saa ngapi? Mwongozaji akijibu papo hapo, au akiomba muda aangalie mwezi, mlipeni. Akiwaambia saa yoyote ni sawa, tafuteni mwingine. Na mkitoka mkatamani kununua kaa koko pale pwani, muacheni jike mwenye mayai na wale wadogo. Mzee mwenyewe alimrudisha mmoja majini mbele yetu, ingawa mnunuzi alikuwa amesimama pale na pesa mkononi.