Uso wazi au uso uliofichwa?

Kijana wa LGBTQ (wapenzi wa jinsia moja, watu waliobadili jinsia na wengineo) wa Kampala anayetaka kusimulia maisha yake kwa picha ana njia mbili. Uso wazi una nguvu kubwa: ukimtazama mtu machoni, ni vigumu kumchukia. Lakini mwaka 2010 gazeti moja la Uganda lilichapisha nyuso na majina ya watu lililodai ni mashoga, likitaka wanyongwe. David Kato, mmoja wao, aliuawa Januari 2011. Sheria ya 2023 nayo inaadhibu kuhamasisha ushoga kwa kifungo cha hadi miaka 20.

Mimi nachagua mikono, kisogo, kivuli ukutani, na maneno yake mwenyewe chini ya picha. Ila kovu, tatuu au geti linalojulikana mtaani humfichua mtu. Viondolewe, pamoja na taarifa za mahali ambazo simu huhifadhi ndani ya picha. Aliyekwisha kuhamia ughaibuni anaweza kuonyesha uso, akiwafikiria kwanza ndugu waliobaki.