Muziki wa filamu: albamu ipi ulipie kwanza kama uko Mtwara au Lindi

Wengi wetu huku kusini filamu tulizijulia kwenye vibanda vya video na zilikuwa za kutafsiriwa, na mtafsiri akishashika maiki hakuna kinachopona, watu wakipigana anaongea, mtu akifa anaongea, hata pale filamu imenyamaza makusudi ili vinanda vifanye kazi yake ndo kwanza yeye anachomekea utani. Siwalaumu, raha ilikuwepo. Ila matokeo yake unakuta mtu kaiona Titanic mara kibao na muziki wake hajausikia hata dakika moja, ukiacha ule wimbo wa Celine Dion. Siku hizi tupo wachache Mtwara na Lindi tunaosikiliza huu muziki wenyewe bila picha, tunatumiana majina ya albamu na kubishana mpaka usiku, na swali linalorudi kila msimu wa korosho hela ya mnada ikishaingia ni lile lile: nianze kulipia ipi?

Mpangilio wangu huu hapa. Kipimo ni kimoja tu, albamu isimame yenyewe hata kwa mtu ambaye filamu hajaiona. Kama unatoa dola 10 hivi afu inakubidi ukumbuke picha ndo uielewe, si bora ukaangalie filamu tu basi.

NAMBA MOJA ni Black Panther ya 2018, lakini tulia kwanza maana hapa ndo watu wanapigwa. Zipo albamu mbili. Moja ni ya nyimbo, kaisimamia rapa Kendrick Lamar, kali sana lakini sio ule muziki unaotembea na filamu mwanzo mwisho. Tunayoitaka ni ile yenye jina la Ludwig Göransson, Msweden, inaenda zaidi ya saa moja na nusu. Huyu jamaa kabla hajaandika chochote alienda Senegal, akazunguka na mwimbaji wa huko Baaba Maal kwenye shoo zake, na sauti ya mtu unayoisikia kwenye kipande cha Wakanda ni ya Baaba Maal mwenyewe. T'Challa, mfalme shujaa wa filamu, kapewa tama, ile ngoma inayobanwa kwapani mpaka inapandisha na kushusha sauti kama mtu anaongea, adui yake Killmonger kapewa filimbi ya Wafulani na chini yake mapigo ya hip hop. Sasa mtu aliyekulia huku kwenye jando na sindimba hahitaji somo la ngoma inavyosema, atajua nani kaingia kabla hajaambiwa. Tuzo ya Oscar ya 2019 Göransson aliichukua kihalali kabisa. Mshkaji wetu mmoja wa Mikindani anabisha, anasema orkesta imezidi mpaka inazifunika ngoma, na kwenye vipande vya vita huko mwishoni namkubalia kidogo, hivyo unaweza kuviruka.

Namba mbili The Mission, 1986, ya Ennio Morricone, na ningeiweka ya kwanza kama nisingekuwa najua watu hawana subira. Chombo kinachoongoza humu ni obo, ambayo na zumari letu la pwani ni ndugu wa damu, vyote sauti inatoka kwenye vipande viwili vya tete vinavyotetemeka mdomoni, kwahiyo sikio la mtu wa pwani linaingia bila kubisha hodi. Kuna kipande kinaitwa On Earth as It Is in Heaven, kwaya inaenda kivyake, ngoma zinaenda kivyake, obo nayo inapita juu na yake, na hakuna anayemkanyaga mwenzie. Mwaka 1987 Oscar alinyimwa, ikaenda kwa Herbie Hancock na filamu ya jazi, na mashabiki hawajasamehe mpaka leo. Morricone alikuja kushinda ya mashindano 2016 akiwa na miaka 87, kwa filamu ambayo muziki wake haufiki hata robo ya huu. Albamu yenyewe haimalizi saa moja, hata kwenye basi la Mtwara kwenda Lindi inaisha hujafika.

Ya tatu inategemea una nini cha kusikilizia. Interstellar ya Hans Zimmer, 2014. Kama una spika ya simu tu ACHANA NAYO, siongei kwa dharau, muziki huu umejengwa juu ya ogani ya mabomba ya kanisa la Temple pale London na ile mizito ya chini simu haiwezi kuitoa, utasikia kelele nyembamba tu useme nimekudanganya. Sabufa ya nyumbani au hedifoni zinazoziba sikio vizuri ndo utanielewa. Halafu hadithi yake tamu, mwongozaji wa filamu Christopher Nolan alimpa Zimmer karatasi moja tu yenye habari ya baba na mtoto, hakumwambia kama ni filamu ya anga, akaandika kutokea hapo. Kuna toleo la kwanza na kuna refu la 2020. Nunua la kwanza. La refu ni la wagonjwa kama sisi.

The Lion King ya 1994 naiweka ya nne na najua nitatukanwa. Shida sio muziki, shida ni albamu. Ile ya kawaida ina vipande 12, nyimbo za Elton John zimo, afu zingine kaziimba tena yeye mwenyewe, muziki wa Zimmer umebanwa kwenye vipande vinne tu. Zimmer kamzika baba yake akiwa mtoto mdogo, na amesema kifo cha Mufasa alikiandika kama kumlilia mzee wake, sasa unampaje mtu huyo vipande vinne? Tafuta toleo la Legacy Collection la 2014, ni sidii mbili, hapo Zimmer na sauti za mwimbaji Lebo M unawapata kwa kirefu. Ukilikosa hilo, hela yako irudishe namba mbili.

Titanic ya James Horner? Nzuri, yule mama wa Kinorwe Sissel anaimba bila maneno na inauma kweli, ila ni moja ya albamu zilizouzwa kupita kiasi duniani, haishindwi kupatikana, haina haraka. Dune ya 2021 nayo wanaokuja wapya waiache kwanza, zipo albamu tatu tofauti zote za Zimmer na anayeanza atachanganyikiwa tu.

Kuhusu kulipia, kama huna kadi ya benki tumia kadi ya mtandaoni ya kwenye mtandao wa simu yako, na ukilipia wa kila mwezi basi pakua kabisa uhifadhi, usisikilize hewani kila siku. Hesabu ni rahisi, ubora wa juu wa MP3 unakula MB 2.4 kwa dakika, kwahiyo Interstellar nzima ni kama MB 170, ukiisikiliza hewani kila jioni bando linaondoka wiki haijaisha. Na mnara ukisumbua, aliyepakua anaendelea.

Kwa wanaorusha nyimbo kwenye flashi kule mjini mimi siendi kwa mambo haya. Mtunzi hapati kitu, na hata ukiliweka hilo pembeni, majina ya vipande hayapo na mpangilio umevurugwa, unaanza na kipande cha mwisho, cha pili kinatoka filamu nyingine kabisa, na katikati kaingiza singeli.