Tablo ya malaika mwasi: dola 60 kwa pentre mmoja wa Katuba

Nilitoa avansi, malipo ya kwanza, ya dola 30 mwezi wa Septemba, jacaranda zikianza kumwaga maua barabarani. Tablo, yaani picha ya rangi, nimeipokea wiki ya pili ya Novemba, mvua ikiwa imeshaanza kukata njia za Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Tulikuwa tumepatana siku 15. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wameniuliza kama pentre huyu, yaani mchoraji, ni mtu wa ahadi. Kwa tarehe, hapana. Kwa kazi yenyewe, ndiyo, na nataka nieleze vizuri.

Mimi ni mlezi wa vijana katika parokia yetu, wale tunaowaita Bilenge ya Mwinda, vijana wa nuru. Kila mwaka tukifika kwenye somo la malaika walioanguka, naona macho yao yanakwenda dirishani. Shetani wameshamwona tangu utotoni: mwekundu, pembe mbili, mkia, mkuki wa meno matatu. Anawachekesha. Na anayekuchekesha humwogopi, wala hujisumbui kumchunguza. Nikasema safari hii nataka picha ukutani itakayoonyesha tabia yake.

Jina la pentre silitaji, hajaniruhusu, na mlangoni kwake hakuna kibao. Atelie, mahali pake pa kazi, ni chumba cha mbele cha nyumba, mlango wazi anapochora ili mwanga uingie. Anafanya kazi kama wazee walivyofanya: gunia la unga wa ngano linafumuliwa, linafuliwa, linakazwa kwenye mbao, halafu linapakwa rangi nyeupe. Ukigeuza tablo yangu nyuma bado unasoma herufi za bluu za kiwanda cha unga. Wapentre wa kizazi cha Tshibumba Kanda Matulu, yule aliyechora historia ya nchi yetu miaka ya 1970, walichora juu ya magunia ya namna hiyo hiyo. Ukutani kwake siku ile kulikuwa na picha tatu za mamba muntu, yule nguva wetu, zilizokuwa zikikauka, kila mmoja na saa mkononi na nyoka begani.

Nikamwambia, "Papa, nataka malaika aliyeanguka. Ubaya wake uonekane usoni."

Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Ule mutu alikuwa muzuri. Kama iko mubaya, nani atamufuata?"

Nilirudi nyumbani na neno hilo nikafungua Biblia, na mzee alikuwa na haki. Ezekieli 28 ni maombolezo juu ya mfalme wa Tiro, lakini tangu zamani Wakristo wamesikia humo habari ya yule malaika: amejaa hekima, uzuri wake umekamilika, kerubi aliyekuwa juu ya mlima wa Mungu, amevikwa mawe ya thamani. Hakuna hata neno moja linalosema aliumbwa vibaya. Na lile jina la Lusiferi linatokana na Kilatini, "mbeba nuru", neno ambalo Jeromu, mtafsiri wa Biblia ya Kilatini, alilitumia kwa nyota ya asubuhi katika Isaya 14. Ni Zuhura, ile tunayoiona tukitoka misa ya kwanza. Kijana mmoja aliposikia hivyo akauliza, "Kwa hiyo na yeye alikuwa wa Mwinda?" Sikumjibu haraka. Ndiyo, alikuwa wa Mwinda.

Mara ya pili nilipokwenda nilimsomea pentre orodha ya mawe ya Ezekieli. Akanisimamisha kwenye zumaridi. Akasema zumaridi hajawahi kuiona kwa macho, lakini kijani anakijua. Akachora malakiti, jiwe la kijani la madini ya shaba. Mtu wa Lubumbashi anaitambua bila kuambiwa, ile michirizi myeusi inayozunguka ndani ya kijani kama maji yaliyotupiwa jiwe. Mawe yako tisa kifuani mwa malaika, nimeyahesabu, na la malakiti liko katikati, juu ya moyo. Nimeweka uso wangu karibu kabisa na hilo jiwe: kila mchirizi ameuvuta kwa unyoya wa kuku, kwa sababu brashi yake ndogo ilikuwa imekwisha. Kwa jiwe hilo peke yake nisingedai hata franka moja irudi.

Sasa picha yenyewe. Ina upana wa mita 1.20 na kimo cha sentimita 90. Usiku. Chini kuna terili, ule mlima wa mabaki ya madini, na lile bomba refu la kiwanda, uchafu wa moto ukimwagwa na kuangaza mawingu kwa wekundu. Malaika anaanguka kichwa chini. Mabawa kwenye mabega bado ni meupe, ncha zimeungua. Nyuma yake nyota zinaanguka naye. Vijana wamezihesabu: nyota 30 zimechorwa, kumi ziko njiani kuja chini. Ni ile theluthi ya Ufunuo 12, joka akizikokota kwa mkia.

Hapo ndipo nilipoanzia somo, kwenye nguvu zake. Kumvuta mmoja katika kila watatu kati ya wanaosimama mbele ya Mungu, hiyo si kazi ya mjinga. Anajua kusema. Anajua kila mmoja anapenda kusikia nini. Jangwani, Mathayo 4, anamnukulia Yesu Zaburi ya 91. Ana uvumilivu: katika Ayubu anatoka kuzunguka dunia nzima kwa miguu yake. Haogopi kupoteza cheo. Nikawauliza vijana: mkipewa kiongozi wa namna hii katika kundi letu, mtamkataa? Wakanyamaza. Mmoja akasema ukweli: "Tutamchagua sisi."

Halafu likaja swali ambalo sikulitegemea, na nadhani lisingekuja bila picha. Msichana wa miaka 17, baba yake ni mchimbaji wa mkono upande wa Kolwezi, akasema: mama, sisi tunafundishwa kwamba aliyekataa kuinama ni mbaya, lakini hapa kwetu wanaoinama ndio wanaoonewa. Je, kila mwasi ni wa Shetani?

Lubumbashi haiwezi kulipita swali hilo kwa haraka. Desemba 1941, mji ukiitwa bado Elisabethville, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waligoma kwa ajili ya mshahara. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, askari wakawapiga risasi, na Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao akafa pale. Wazungu wa wakati ule waliwaita waasi. Mimi siwezi kusimama mbele ya mtoto wa mchimbaji na kumwambia Mpoyi na Lusiferi ni wa ukoo mmoja.

Jibu nililipata pembezoni mwa tablo. Wapentre wetu huandika maneno juu ya picha, na huyu aliniuliza aandike nini. Nikampa Isaya 14, mstari wa 13 na 14, ule wimbo wa kumdhihaki mfalme wa Babeli ambao Kanisa limeusoma pia kama sauti ya malaika. Ameyapanga maneno ubavuni, moja chini ya lingine, kwa rangi ya njano: NITAPANDA. NITAKIINUA KITI CHANGU. NITAKETI. NITAPAA. NITAFANANA NA YEYE ALIYE JUU. Nikamwambia yule msichana asome kwa sauti. Alipofika la tano akasimama mwenyewe. "Ni nita, nita, nita. Hakuna tuta."

Ndiyo hiyo. Mara tano "nita", na hata mara moja hakuna "tuta". Wale wa 1941 walisema "tunataka", na waliyataka kwa ajili ya bukari, ugali wa watoto. Huyu alitaka kiti. Wale kumi walioanguka naye hawatajwi kabisa katika maneno yake, na hata katika tablo hawatazami. Ujasiri ni ule ule, kinywa kitamu ni kile kile. Kinachowatenganisha ni nani anayekula mwishoni.

Jirani yangu Mwislamu alipita kuiona picha ikiwa bado sebuleni kwangu, akanikumbusha kwamba katika Kurani Iblisi alikataa kumsujudia Adamu kwa kusema yeye ni bora, ameumbwa kwa moto na yule kwa udongo. Akaniambia pia kwamba kwao malaika hawaasi, Iblisi ni katika majini. Lakini kidonda ni kile kile: kumpima mwenzako kwa ulichoumbwa nacho. Nimelichukua neno lake darasani, na nililitaja kwamba ni la nani.

Narudi kwa pentre, kwa sababu hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Nilipokwenda Oktoba kulalamika kwa sababu ya kuchelewa, nilikuta tablo yote imekwisha isipokuwa macho. Alikuwa ameyachora mara mbili na kuyafuta. Mara ya kwanza malaika alitazama chini, kule anakoangukia. Nikamwambia hayo yalitosha, niipeleke parokiani. Akakataa.

"Akitazama chini, mama, iko na woga. Mutu mwenye woga anaweza kuomba musamaha."

Kwa hiyo macho yanatazama juu. Mwili unakwenda chini, bawa linaungua, na macho bado yako kwenye kile kiti. Hayana machozi. Nimefundisha miaka kumi na mbili na sijawahi kuwa na namna nzuri zaidi ya kuonyesha kwamba ubaya wake mkubwa ni kutokurudi. Kiburi kila mtu anacho, hata mimi nina changu. Wivu pia. Petro alikana mara tatu kisha akalia. Huyu hajui kulia, na kwa kuwa hajui, kazi iliyombakia ni kuwashitaki wengine. Ufunuo unamwita mshitaki wa ndugu zetu, anayewashitaki mchana na usiku. Vijana walielewa hilo mara moja. Kila mtaa una mtu aliyeanguka kutoka mahali pazuri na sasa maisha yake yote ni kuhesabu makosa ya waliobakia.

Yasiyonipendeza nayasema pia, maana nimelipa. Mikaeli amewekwa pembeni juu, mkubwa kama kidole, uso wake laini kama wa mwanasesere. Nilimwuliza pentre kwa nini mtiifu amepewa uso usiokuwa na kitu, wakati mwasi amepewa wiki tano. Akasema nafasi ilikwisha. Sikubaliani naye. Kutii kunahitaji nguvu vilevile, na kijana akitazama tablo hii anaweza kudhani kwamba utajiri wote wa moyo uko upande wa aliyeanguka. Ninalazimika kuliongeza kwa mdomo kila mara, na picha nzuri haikupaswa kuniachia kazi hiyo.

Kadre, fremu ya mbao, ni mbaya. Mbao zilikuwa mbichi, na baada ya majuma mawili ya mvua pembe moja imejikunja, tablo haikai sawa ukutani. Seremala wa jirani ameniomba franka 15,000 kuinyoosha.

Na kuna maandishi ya chini. Neno KIBURI lilikuja KIBULI, kama tunavyolitamka wengi wetu hapa. Mimi mwenyewe nalitamka hivyo nikiwa sokoni. Lakini darasani nafundisha kuandika pia, nikamwomba arekebishe.

Kama unataka kuagiza: bei ya dola 60 ni ya kipimo changu, ndogo ya nusu yake alinitajia 25. Toa avansi isiyozidi nusu. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, mchana anafunga kwa sababu ya joto la mabati. Peleka mbao zako mwenyewe, zilizokauka. Mpe maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Mwache achore anavyoona, hasa macho, wala usimharakishe kama nilivyomharakisha mimi. Usipange sherehe kwa tarehe anayokupa. Ukihitaji kuisafirisha, pusu-pusu, mkokoteni wa kusukuma, ni bora kuliko taksi-basi. Yangu ilikwanguliwa kidogo kwenye bawa la kushoto tulipokuwa tukiibana kati ya viti.

Na soma maandishi yote kabla hajapaka vernisi, ile rangi ya mwisho ya kung'arisha. Mimi niliyasoma baada yake. Ameweka R juu ya vernisi, kwa mkono mzuri na wa subira, lakini mwanga wa asubuhi ukiingia kwa dirisha la kushoto, ile L bado inaonekana chini yake.