Wasemaji wa tamasha la chakula cha mimea Nyali: nani wa kukaa kumsikiliza

Chakula kisicho na nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali si kigeni Mombasa. Mbaazi za nazi, mihogo ya kuchoma na pilipili na ndimu, na kachri za viazi vimeliwa hapa vizazi na vizazi bila mtu kuvipa jina maalumu. Kwa hivyo wasemaji walioalikwa tumewapima kwa kipimo kimoja: msikilizaji akirudi kwake Kisauni au Likoni, penye jiko la makaa na vitu vya sokoni Kongowea, ataweza kulifanya alilofundishwa?

Kwa kipimo hicho, mpishi kutoka Mji wa Kale aliwashinda wote. Alikuja na sufuria, mbuzi ya kukunia nazi, na nusu kilo ya mbaazi zilizorowekwa tangu usiku. Alianza na swali linalowasumbua wengi: kwa nini mbaazi hukataa kuiva? Kwanza ni umri. Mbaazi zilizokaa ghalani miezi mingi kwenye joto na unyevu wa pwani huwa ngumu kwa ndani, na hata ukizichemsha kutwa hubaki na kiini. Pili ni maji. Maji ya kisima yenye chokaa huleta madini yanayoshikana na gundi ya asili ya punje, ikawa hailegei. Tatu ni uchachu: ukwaju, ndimu au nyanya zikitiwa kabla punje haijalainika, huizuia isilainike. Dawa yake ni kuroweka saa 8 hadi 12, kuyamwaga maji hayo, kupikia maji yasiyo ya chumvi, na kuacha uchachu hadi mwisho. Magadi yanasaidia, lakini robo kijiko cha chai yatosha kwa nusu kilo. Yakizidi, mbaazi huwa na ladha ya sabuni na vitamini B1 huharibika.

Sehemu ya tui ndiyo iliyowafanya watu wasimame kwenye viti. Nazi 2, maji ya vuguvugu kikombe kimoja kwa tui zito, vikombe viwili kwa tui la pili. Mbaazi zilizokwisha kuiva huingia kwenye tui la pili pamoja na kitunguu, bizari na pilipili mbichi, zikatokota mpaka tui likaribie kukauka. Ndipo tui zito linapotiwa, moto umepunguzwa, mwiko hauachwi, na sufuria haifunikwi. Kijana mmoja akauliza, “Mama, likishakatika nalirudisha vipi?” Akajibiwa, “Halirudi, mwanangu. Moto ulikuwa mkali au ndimu iliwahi. Kesho punguza makaa.” Akaivuta sufuria pembeni ya jiko ili watu waone: tui lilikuwa likicheza ukingoni tu, katikati limetulia. Moto wa tui zito ni huo.

Kwake tungeongeza jambo moja, kwa sababu aliwaambia watu watumie njia hiyohiyo kwa maharagwe mekundu. Maharagwe hayo yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara. Lazima yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kwa maji mapya, kisha ndipo moto upunguzwe. Kuyaacha kwenye moto mdogo tangu mwanzo hakuondoi sumu hiyo.

Mtaalamu wa lishe alikuwa wa pili kwa ubora, na kwa mtu anayekusudia kuacha kabisa vyakula vya mnyama, ndiye wa lazima. Muda mwingi aliutumia kwenye vitamini B12, na alifanya vyema. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, na mimea haiwezi kutegemewa kuitoa. Mwili hupokea sehemu ndogo tu ya kidonge kikubwa, ndiyo maana vipimo vya vidonge vinaonekana vikubwa hivyo: mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Hatari yake ni kwamba ini huweka akiba ya miaka, mtu akajiona mzima, hadi ganzi ianze miguuni. Tena mboga za majani zina foleti (vitamini B9) nyingi, na foleti inaweza kuficha upungufu wa damu unaoletwa na ukosefu wa B12 huku neva zikiendelea kuumia. Aliwakumbusha pia kwamba unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, unatakiwa kisheria nchini Kenya kuongezwa virutubisho tangu 2012, lakini mahindi unayopeleka mwenyewe kwenye mashine ya mtaani hayajaongezwa kitu.

Kuhusu madini ya chuma aligusa kifungua kinywa cha mji huu: mbaazi, mahamri na chai. Chai huzuia chuma cha mbaazi kisiingie mwilini. Iache ipite saa moja baada ya kula, na mezani weka embe, chungwa au kachumbari iliyokamuliwa ndimu, vinavyosaidia chuma kuingia. Kwenye kalisi, madini ya mifupa, alikatizwa na mwongozaji, na hilo lilitusikitisha. Mchicha una kalisi lakini pia una oksaleti inayoifunga. Sukuma wiki inaitoa kwa urahisi zaidi. Mama mjamzito aliyekaa pale alistahili kulisikia.

Mtengeneza mithai alizungumza dakika chache, na kila dakika ilikuwa na kazi. Alisema wazi kuwa jiko lisilopika nyama huenda likawa limejaa maziwa: barfi na peda ni maziwa yaliyokaushwa, na chapati, wali na haluwa mara nyingi hutiwa samli. Muulize muuzaji maswali matatu: mafuta gani, unga umekandwa kwa kitu gani, na mafuta hayo yamekaanga samaki au sambusa za nyama? Mahamri mengine yana maziwa ya unga au yai, kwa hivyo usikadirie kwa macho.

Mgeni kutoka ng'ambo alikuwa na sauti nzuri na moyo safi, lakini vyakula vyake vingi havipatikani hapa ila kwa bei ya juu. Maziwa ya lozi aliyoyasifu yana mwenzake wa karibu: korosho, zikarowekwa saa 4, zikasagwa na maji mara tatu ya ujazo wake. Jambo zito zaidi ni kwamba aliwahimiza watu kunywa majani mabichi yaliyosagwa bila kutaja kisamvu. Majani ya muhogo yakiwa mabichi hutoa sianidi, ambayo ni sumu kali. Hutwangwa na kuchemshwa sana kabla ya kuliwa, na kwenye jukwaa la pwani onyo hilo halifai kukosekana.

Waandaaji warekebishe ratiba kwanza. Mtaalamu wa lishe aliwekwa saa saba mchana, hema limeelekea jua na spika za muziki ziko nyuma yake. Waliokaa safu za mwisho hawakusikia vipimo vya vidonge. Apewe saa tatu asubuhi, na nambari zake zichapishwe kwenye karatasi. Mpishi aongezewe nusu saa, na kipaza sauti cha pili kizungushwe kwa wenye maswali. Ukienda, kaa upande wa kulia wa jukwaa, ndiko linakowekwa jiko.