Karakana ya Mwanjelwa inayogeuza magari ya watoto kuwa karti za umeme

Nimeendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma miaka mingi. Nimeshuka mlima Kitonga na shaba ya Zambia mgongoni, nimeshuka mteremko wa Iwambi mvua ikinyesha, na fundi yeyote nampima kwa kitu anachoanza nacho. Kijana mwenye karakana hii, iliyo kwenye safu ya wachomeleaji nyuma ya soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, alilitazama gari la binti yangu likiwa bado juu ya guta, akauliza: "Suka, hii tutaisimamisha na nini?" Hakuuliza nataka ikimbie kiasi gani. Kazi nikampa: aligeuze kuwa karti, kile kigari cha chini cha mashindano.

Gari lenyewe ni yale ya plastiki ambayo mtoto anapanda na kukanyaga pedali. Linapotoka dukani lina betri moja ya volti 12, mota mbili ndogo nyuma zenye gia za plastiki, na mwendo wake ni wa mtu anayetembea. Binti alikuwa na miaka mitatu tulipomnunulia. Sasa ana 11, magoti yanagusa usukani, na anataka mashindano. Fundi mwingine mjini aliniambia niongeze betri ya pili, ziungwe ziwe volti 24, biashara imekwisha. Ushauri huo umeenea sana na ni mbaya. Mwendo unaongezeka kweli, ila mota iliyotengenezwa kwa volti 12 inachemka, na meno ya zile gia yanakwanguka. Kibaya zaidi, magari haya hayana breki ya kweli. Mtoto akiachia pedali, ni mota yenyewe inayoshikilia magurudumu. Gia ikiliwa, hakuna kinachoshikilia tena, na Mbeya hii nyumba ngapi ziko kwenye tambarare?

Huyu wa Mwanjelwa alikataa kabisa njia hiyo. Alibakiza bodi tu, na vingine vyote akavitoa. Chini akajenga fremu ya skwea paipu, akaweka ekseli ya chuma inayozunguka kwenye beringi mbili, tairi za upepo, na mota moja ya volti 48, wati 1,000, inayovuta kwa cheni. Breki ni diski ya pikipiki pamoja na kaliperi (kibano) yake ya mafuta, imefungwa kwenye ekseli, kwa hiyo inashika magurudumu yote mawili ya nyuma. Pedali ya breki ina swichi inayoiambia kontrola, kifaa kinachogawa umeme kwa mota, ikate umeme papo hapo, hata kama mguu mwingine bado umekanyaga mafuta (sisi madereva tutaendelea kusema mafuta hata kwenye umeme). Kuna kitufe chekundu kikubwa ubavuni ambacho mtu aliyesimama nje anaweza kukibonyeza, na fyuzi iko karibu kabisa na betri, inavyotakiwa. Fyuzi ikiwa mbali, waya wote ulio kati yake na betri hauna mlinzi.

Kilichonivutia zaidi ni habari ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Mwanzoni alifunga meno 11 kwenye mota na 55 kwenye ekseli. Mota inazunguka kama mara 3,000 kwa dakika, ekseli inapata 600, na kwa tairi yenye kipenyo cha sentimita 26 hiyo ni kama kilomita 29 kwa saa. Kwenye sakafu tambarare ilikwenda kama upepo. Tukaipeleka kwenye kipande cha mlima, mota ikaanza kunung'unika na baada ya muda mfupi huwezi kuweka kiganja juu yake. Fundi hakubishana wala hakusema tununue mota kubwa zaidi. Alitoa ile ya meno 55, akaweka ya meno 80. Mwendo wa juu umeshuka hadi kama kilomita 20 kwa saa, lakini nguvu ya kuvuta imeongezeka karibu mara moja na nusu, na mota sasa inapanda bila kulalamika. Ni lile lile la kupanda Kitonga: mwenye haraka ya gia kubwa anaua injini. Kilomita 20, makalio yakiwa sentimita chache kutoka ardhini, kwa mtoto wa miaka 11, zinatosha na kubaki. Alinionyesha kwenye simu mashindano ya Marekani yanayoitwa Power Racing Series, watu wazima wakikimbiza magari haya haya ya kuchezea, na gharama ya gari imewekewa kikomo cha dola 500. Binti ndiye aliyetazama hadi mwisho.

Kona kali bado ni tatizo. Ekseli ni moja na haina difu, kwa hiyo gurudumu la ndani na la nje yanalazimika kuzunguka sawa ingawa la nje lina njia ndefu zaidi, na pua ya gari inataka kwenda moja kwa moja. Karti halisi za mashindano nazo hazina difu, ila fremu yake inajipinda kidogo kiasi kwamba kwenye kona gurudumu la ndani la nyuma linanyanyuka. Fremu hii ni ngumu, haijipindi. Fundi alipunguza shida kwa kulaza nyuma zaidi kingpini za mbele, zile pini ambazo magurudumu yanageukia. Imesaidia, lakini usukani bado ni mzito kwa mikono ya mtoto. Ningependa wateja wapya waambiwe hili mapema.

Betri ni nne za asidi, volti 12, Ah 12 (ampea-saa, yaani ujazo wake) kila moja, zimeungwa mfululizo. Zote pamoja zina uzito wa kilo 16 hivi, na amezilaza chini ya kiti, katikati, ambapo uzito unatakiwa kuwa. Za lithiamu zingekuwa nyepesi na kudumu zaidi, lakini bei iliniondoa. Angalieni sana chaja. Duka moja la mjini lilitaka kuniuzia chaja ya "volti 48" iliyoandikwa 54.6 mgongoni. Hiyo ni ya lithiamu. Betri nne za asidi zinahitaji karibu volti 58.8 ili zijae. Kwa ile nyingine zingebaki na njaa kila siku mpaka zife. Na Juni na Julai, baridi yetu ikishika, msishangae zikiisha mapema kuliko Desemba.

Kwa upande wa huduma, alichelewa. Umeme ulikatika mara kwa mara na kazi yake ni ya kuchomelea, hilo naelewa, lakini simu ya kunijulisha ilikuwa napiga mimi, yeye hakupiga. Pia nati za tairodi, zile fito zinazogeuza magurudumu ya mbele, alizifunga za kawaida. Nikamwomba aweke zenye nailoni ndani, kwa sababu mtikisiko hulegeza za kawaida, na akazibadilisha bila kudai hata shilingi. Mota na kontrola nilivinunua mwenyewe Kariakoo kwa 380,000. Chuma, breki, tairi na ufundi alinitoza 520,000, kwa maandishi, kila kitu na bei yake. Ukijumlisha betri na chaja inafika milioni moja na laki mbili na ushee. Si pesa ndogo. Kwa kazi niliyoiona, sioni aliponipunja.

Tunaikimbiza Jumapili kwenye yadi ya malori Uyole, kwa ruhusa ya mwenye yadi, geti likiwa limefungwa na binti amevaa helmeti na glovu. Barabarani haiendi. Fundi naye anamwambia hivyo kila mteja, na nilimsikia akimkatalia baba mmoja aliyetaka ya kumpeleka mtoto shule.

Kabla hamjabeba gari lenu kwenda kwake, kagueni bodi. Plastiki ile haishiki gundi. Yeye huifunga kwa bolti na washa pana, na iliyopasuka pale mbele usukani unapopita ataikataa.